Min Yeong-hwan na Deni la Ukoo Wake

Alfajiri ya Novemba 30, 1905, mjini Seoul, Min Yeong-hwan alijitoa uhai katika nyumba ya mtu aliyewahi kumtumikia. Alikuwa na miaka 44. Alikuwa ofisa wa ngazi ya juu kabisa katika kasri ya Kaizari Gojong, na wizara alizowahi kuziongoza ni nyingi. Siku 13 kabla ya hapo, Japani ilikuwa imeilazimisha Korea kutia saini mkataba ulioikabidhi Tokyo mambo yake yote ya nje. Min aliacha ujumbe kwa Kaizari, kwa wawakilishi wa nchi za kigeni, na kwa wananchi wenzake milioni 20. Huu wa wananchi aliuandika kwenye kadi zake za jina, zile ambazo ofisa humpa mgeni wakati wa kujitambulisha, kwa maandishi madogo yaliyobanana.

Wakorea wanaukumbuka ujumbe huo kwa ushupavu wake, kwamba anayeng'ang'ania uhai ataukosa na aliye tayari kufa ataupata. Mimi kinachonishika ni sehemu ambayo wasomaji huipita haraka. Min anasema anakufa ili kulipa fadhila za mfalme wake na kuwaomba radhi wananchi. Awaombe radhi kwa lipi? Mkataba hakuutia saini yeye, na siku ile hata waziri hakuwa. Waliokubali walikuwa mawaziri watano ambao Wakorea mpaka leo wanawaita wasaliti watano wa mwaka ule, na mmoja wao, Yi Wan-yong, jina lake limekuwa tusi. Kwa nini basi msamaha uombwe na mtu ambaye mikono yake ilikuwa safi?

Jibu naliona nyumbani kwao. Ukoo wa Min wa Yeoheung uliishika Korea kwa takriban miaka 20, na uozo ulioidhoofisha nchi hiyo mbele ya majirani wenye nguvu ulianzia kwa kiasi kikubwa mezani pao. Kumsoma Min Yeong-hwan kama shujaa aliyechipuka peke yake ni kuipunguza habari yake. Alikuwa mtoto wa nyumba yenye deni, naye alilijua deni hilo.

Wengi wetu tumezizoea kasri za Korea kupitia tamthilia za runinga, ambamo ukoo wa malkia hugombana na ukoo wa mama mkwe mpaka kipindi cha mwisho. Katika karne ya 19 mambo hayo yalikuwa siasa halisi ya nchi. Ukoo wa Kim wa Andong ulikuwa umetawala kwa mgongo wa mabinti zake waliokuwa malkia kwa takriban miaka 60, ukiuza vyeo na kuwafanya wafalme vijana kuwa mapambo. Gojong alipowekwa kitini mwishoni mwa 1863, akiwa mtoto wa miaka 11, baba yake, anayejulikana kwa cheo cha Daewongun, ndiye aliyeshika hatamu, na aliapa kuwamaliza wakwe wa kifalme. Mwaka 1866 alimchagulia mwanawe mchumba kwa hesabu kali: binti yatima wa baba, asiye na kaka wa kuzaliwa naye, kutoka ukoo usiotisha. Ukoo wenyewe ulikuwa wa Min, ambako ndiko alikotoka mke wa Daewongun mwenyewe.

Hesabu ile ilikosea mahali pamoja. Huko Korea ya wakati ule nyumba isiyo na mwana wa kiume ilipewa mwana kutoka kwa ndugu ili mizimu ya wazee isikose wa kuihudumia, na nyumba ya binti yule ilikwishapewa mtoto wa kupanga, Min Seung-ho. Huyu alikuwa ndugu wa damu wa mke wa Daewongun. Kwa hiyo mtu mmoja akawa mjomba wa mfalme na wakati huohuo shemeji yake. Seung-ho alikuwa na mdogo wake, Min Gyeom-ho, naye pia mjomba wa mfalme. Na Gyeom-ho ndiye aliyemzaa Min Yeong-hwan mwaka 1861. Mtoto huyu naye hakubaki kwa baba yake mzazi, kwani alitolewa kwa baba mkubwa, Min Tae-ho, ambaye hakuwa na mwana.

Nimekaa kidogo kwenye nasaba hii kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki. Min Yeong-hwan alikuwa mtoto wa mjomba wa Gojong, na kwa upande wa malkia, ambaye vitabu vinamwita Malkia Min au Myeongseong, yeye ni mtoto wa ndugu wa kaka yake wa kupanga. Kwa mfalme na kwa malkia alikuwa mtu wa ndani. Katika nchi ambayo mtihani wa serikali ulikuwa ndio mlango wa heshima, aliufaulu mwaka 1878 akiwa na miaka 17, umri ambao watoto wa koo za mashambani walikuwa bado wanahangaikia vitabu vya kujiandalia. Mwaka 1882, kabla ya kufikisha miaka 21, alifanywa mkuu wa Seonggyungwan, chuo kikuu cha kifalme kilichofundisha mafunzo ya Confucius. Wapo waliozeeka wakikitamani kiti hicho.

Mwaka huohuo nyumba yao ilipata pigo, na lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa la 1874, muda mfupi baada ya Daewongun kusukumwa nje ya madaraka: Min Seung-ho alipokea kifurushi nyumbani kwake, kikalipuka, kikamuua pamoja na mwanawe na mama wa malkia. Pigo la pili lilitoka kwa wananchi wenyewe. Min Gyeom-ho alikuwa akisimamia ofisi iliyogawa mchele wa kodi, ambao ndio uliokuwa mshahara wa askari. Askari wa jeshi la zamani hawakuwa wamelipwa kwa miezi 13. Julai 1882 walipewa posho ya mwezi mmoja, na walipofungua magunia wakakuta mchele umechanganywa na makapi na mchanga. Walipolalamika, Gyeom-ho akaamuru viongozi wao wakamatwe. Hapo wakaasi. Waliibomoa nyumba yake, wakaingia kasri, wakamuua humo ndani, na malkia akaponea chupuchupu kwa kutoroka.

Mchele huo wenye mchanga ningependa uwekwe karibu na kadi za jina za 1905. Kijana aliyempoteza baba kwa njia ile alijua, pengine kuliko msomi yeyote wa historia, watu waliosahauliwa wanaweza kufanya nini. Alijiuzulu, akakaa matanga ya miaka mitatu kama desturi ilivyotaka, ingawa kasri ilimrudisha kazini mapema. Baada ya hapo alipanda ngazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 1887 alikuwa waziri wa ibada na adabu za kitaifa, kisha akashika wizara ya vita mara mbili, 1888 na 1890, na mwaka 1893 akapewa wizara ya adhabu.

Je, katika miaka hiyo alikuwa safi? Ushahidi unasema hapana. Mwaka 1894 wakulima wa kusini waliinuka chini ya bendera ya vuguvugu la Donghak dhidi ya maofisa waliokuwa wakiwakamua. Kiongozi wao, Jeon Bong-jun, alikamatwa, na mapema 1895 akahojiwa Seoul kabla ya kunyongwa. Alipoulizwa ni nani hasa hao maofisa wala rushwa wa makao makuu, alitaja majina matatu, na la Min Yeong-hwan lilikuwa mojawapo. Kosa alilolitaja ni kuuza vyeo. Mnunuzi wa cheo cha wilaya alikwenda huko kurudisha fedha zake, na aliyezirudisha alikuwa mkulima. Maasi yale ndiyo yaliyoipa China na Japani kisingizio cha kuleta majeshi na kupigana vita vyao juu ya ardhi ya Korea. Kwa hiyo mnyororo unaotoka kwenye cheo kilichouzwa Seoul hadi askari wa Japani walioizingira kasri mwaka 1905 si mrefu.

Waandishi wengi wa wasifu wake huipita habari hii kwa sentensi moja. Mimi naiona ndiyo inayompa uzito, kwa sababu kuanzia hapo mtu huyu anabadilika, na mabadiliko yake yanaonekana kwa matendo.

Oktoba 8, 1895, Wajapani na washirika wao waliingia kasri ya Gyeongbokgung na kumuua malkia. Min alikuwa ameteuliwa kuwa balozi Marekani, lakini safari ile ikafa. Februari 1896 Gojong alitoroka kasri yake mwenyewe akajificha katika ubalozi wa Urusi, akatawala nchi akiwa humo kwa mwaka mmoja. Ni kutoka ndani ya ubalozi huo alipomtuma binamu yake kwenda Moscow kuhudhuria kutawazwa kwa Kaizari wa Urusi, Nicholas II.

Safari ya 1896 ingestahili kitabu, na Min mwenyewe aliiandikia shajara kwa Kichina cha kale, lugha ya wasomi wa Korea. Aliondoka Aprili pamoja na Yun Chi-ho, kijana aliyesoma Marekani, na wakalimani wawili. Walipita Shanghai, Nagasaki na Yokohama, wakavuka Pasifiki hadi Vancouver, wakapanda treni kukata Amerika Kaskazini hadi New York, wakavuka Atlantiki hadi Uingereza, kisha Berlin na Warsaw, wakafika Moscow Mei 20. Waziri aliyelelewa kuamini kwamba ustaarabu una makao Beijing alikuwa ameona kwa macho yake, ndani ya wiki saba, taa za umeme, majengo ya ghorofa na viwanda vya nchi ambazo vitabu alivyofanyia mtihani havikuzitaja.

Siku ya kutawazwa ilimletea shida ya kofia. Katika kanisa la Kremlin mwanaume haingii na kofia kichwani, na kwa ofisa wa Korea kuvua kofia ya cheo mbele ya mfalme ilikuwa ndiyo utovu wa adabu wenyewe. Min hakuvua. Alibaki nje pamoja na wajumbe wengine wa nchi ambazo kofia ni heshima, wakaitazama sherehe kutoka kibarazani. Ni rahisi kuliona jambo hili kuwa ukaidi. Lakini mfalme wake alikuwa mkimbizi katika nyumba ya Warusi, na mbele ya Warusi haohao kofia ile ilikuwa karibu kitu pekee ambacho taifa lake lilikuwa bado linajiamulia.

Yaliyobaki yalikuwa mazungumzo, na hapa ndipo alipopata somo chungu. Alikuwa na maombi matano: askari wa kumlinda mfalme, wakufunzi wa jeshi, washauri, laini ya telegrafu ya kuunganisha nchi mbili, na mkopo wa yeni milioni 3 wa kulipa deni la Japani. Waziri wa mambo ya nje wa Urusi, Lobanov-Rostovsky, alimsikiliza kwa upole. Juni 9 waziri huyohuyo alitia saini na Yamagata wa Japani makubaliano ya siri kuhusu Korea, bila mjumbe wa Korea kujua. Min alirudi kwa njia ya Siberia, ambako reli ilikuwa haijakamilika, hivyo akabadilisha treni kwa meli za mtoni na magari ya farasi hadi Vladivostok. Alifika Seoul Oktoba 21, baada ya karibu miezi saba, akiwa na kikundi kidogo cha wakufunzi wa kijeshi chini ya Kanali Putiata. Ndicho alichokipata katika maombi matano.

Mwaka 1897 alitumwa tena, safari hii kwenye sherehe za miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria na kuwa balozi katika nchi kadhaa za Ulaya. Haikwenda vizuri. Aliacha kituo chake bila ruhusa, akavuka kwenda Marekani, akafutwa kazi.

Aliporudi alikuta Gojong amejitangaza Kaizari, Oktoba 12, 1897, na nchi ikiitwa Himaya ya Dae Han. Mwaka 1898 Min alianzisha shule ya Heunghwa, ikifundisha lugha za kigeni na upimaji ardhi. Aliwaunga mkono wanachama wa Klabu ya Uhuru waliodai baraza la wananchi, jambo ambalo watu wa tabaka lake waliliona kama kuwasha moto paani. Mwaka 1902 alipewa kuongoza ofisi mpya ya kutoa pasipoti, Suminwon, na chini ya ofisi hiyo meli ya kwanza ya wahamiaji iliondoka Desemba mwaka huo. Wakorea 102 waliteremka Honolulu Januari 1903 kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Mpaka 1905 walikuwa wamefika 7,000 na zaidi, na michango yao ya senti za mashambani ndiyo iliyokuja kulisha harakati za uhuru kwa miaka 40. Sidhani kama Min aliona mbali kiasi hicho. Lakini muhuri ulitoka ofisini kwake.

Novemba 1904, Japani ikiwa vitani na Urusi, yeye na Han Gyu-seol walimtuma Marekani kijana aliyekuwa ametoka gerezani, Syngman Rhee, aombe msaada. Rhee alipokewa na Rais Theodore Roosevelt Agosti 1905, akapewa maneno matamu. Wiki moja kabla, mjumbe wa Roosevelt, Taft, alikuwa amekwishaelewana na waziri mkuu wa Japani, Katsura: Ufilipino ibaki ya Marekani, Korea iwe chini ya Japani. Kwa mara ya pili Min alijadiliana na watu waliokwishakubaliana na mwingine.

Novemba 17, 1905 ilipofika, askari wa Japani wakiwa wamezunguka jengo la Jungmyeongjeon na mjumbe wa Japani, Ito Hirobumi, akiwauliza mawaziri mmoja mmoja, Min hakuwepo mjini. Alikuwa Yongin kwa shughuli ya kuhamisha kaburi la mke wake wa kwanza. Alirudi mbio, akajiunga na mzee Jo Byeong-se, waziri wa zamani mwenye miaka 78, wakapiga magoti mbele ya kasri na kundi la maofisa wakimwomba Kaizari aukatae mkataba na kuwaadhibu waliotia saini. Wakatawanywa, wakashikwa, wakaachiwa. Usiku wa mwisho Min alikwenda kumwona mama yake. Jo alimfuata kesho yake, Desemba 1. Wengine pia walijitoa uhai, akiwemo mvuta rikisho aliyekuwa akimwendesha, ambaye hakuwa na cheo wala kadi ya jina ya kuandikia neno.

Kifo kile hakikuuzuia mkataba. Mwaka 1907 Gojong alilazimishwa kung'atuka na jeshi likavunjwa, na Agosti 1910 nchi yenyewe ikamezwa. Kwa kigezo cha matokeo, alishindwa. Siamini kuwa alitarajia kushinda. Mtu ambaye Lobanov alimdanganya 1896 na Washington ikamdanganya 1905 alijua kwamba barua kwa mabalozi haitaleta manowari. Ndiyo maana nasema ujumbe wenyewe hasa ulikuwa ule wa wananchi, na ndani yake ile radhi.

Nyumba aliyoiacha ilikuwa ya mama mzee, mjane kijana, Bak Su-yeong, na watoto wadogo. Na hapa ukoo uligawanyika kwa namna inayoumiza. Mdogo wake wa kuzaliwa, Min Yeong-chan, alikuwa balozi Paris, ndiye aliyeiwakilisha Korea katika maonyesho makubwa ya 1900. Desemba 1905, siku chache tu baada ya msiba, alikuwa Washington akimsihi waziri wa mambo ya nje, Elihu Root, na Root akamjibu kwamba hakuna la kufanya. Miaka ilivyokwenda, Yeong-chan alirudi nyumbani akakubali kiti katika baraza la ushauri la serikali ya kikoloni ya Japani. Ndugu wa ukoo, Min Yeong-hwi, ambaye Jeon Bong-jun alimtaja pamoja na Yeong-hwan, alipokea cheo cha ubwana kutoka kwa Wajapani mwaka 1910 na kufa akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi, ingawa naye alianzisha shule inayosifika hadi leo. Binamu mwingine, Min Yeong-ik, aliyeongoza ujumbe wa kwanza wa Korea nchini Marekani mwaka 1883, alikuwa tayari uhamishoni Shanghai, ambako alifia 1914. Malezi yao yalikuwa mamoja na elimu moja, na kila mmoja akaenda njia yake. Anayedai kwamba damu ndiyo iliyomfanya Min Yeong-hwan awe mzalendo atapata taabu kuwaeleza hawa wengine.

Katika wote hao, anayenivuta zaidi ni mjane. Nguo za mumewe zenye damu zilikuwa zimewekwa katika chumba cha nyuma. Julai 1906 ilionekana mianzi imechomoza kupitia sakafu ya chumba hicho, mashina manne membamba, na waliohesabu majani walipata 45, sawa na umri wa marehemu kwa hesabu ya Kikorea ya wakati ule, ambayo mtoto alihesabiwa kuzaliwa akiwa na mwaka mmoja. Gazeti la Daehan Maeil Sinbo likatangaza, na watu wakamiminika. Hakuna Mkorea aliyehitaji kuelezwa maana: daraja la Kaesong alipouawa Jeong Mong-ju mwaka 1392 kwa kukataa kumsaliti mfalme wake linasimuliwa kuwa nalo liliota mianzi. Mchoraji Yang Gi-hun aliichora, gazeti likaichapa, picha ikapigwa. Wajapani waliikagua nyumba wakitafuta mizizi ya jirani, na hatimaye mianzi ikang'olewa. Bak Su-yeong aliikusanya, akaifunga kitambaa, akaifunga tena kitambaa kingine, akaiweka katika sanduku la mbao na kuificha darini. Ilikaa humo ukoloni wote. Mwaka 1962 wajukuu waliikabidhi kwa makumbusho ya Chuo Kikuu cha Korea, na kadi za jina pia ziko huko.

Mwanzi unaweza kupenya sakafu bila muujiza wowote, na sioni haja ya kubishana juu ya hilo. Kazi iliyofanyika ni ya mwanamke aliyejua kwamba nchi itauhitaji ushahidi, akautunza chini ya pua za watawala, huku shemeji yake akiketi katika baraza lao.

Seoul ya leo ina barabara ya Chungjeongno, kutokana na jina la heshima alilopewa Min baada ya kufa. Eneo hilo Wajapani walikuwa wameliita kwa jina la Takezoe, mwakilishi wao wa zamani, na mwaka 1946 likabadilishwa. Mbali kidogo, karibu na kituo cha treni cha Jonggak, ilisimamishwa mwaka 2018 sanamu ya Jeon Bong-jun, amekaa kitako, kando ya mahali lilipokuwa gereza lake. Mshtaki na mshtakiwa wote wawili wanaheshimiwa katika mji mmoja, na nadhani Wakorea wamefanya haki. Ninachokitaka ni kwamba mwanafunzi anayeonyeshwa kadi zile pale makumbusho aonyeshwe pia ukurasa wa mahojiano ya 1895 ulio na jina la Min Yeong-hwan, kwa maana radhi iliyoandikwa kwenye kadi ilikuwa na wa kudai, na mmoja wao alikuwa amekwishanyongwa miaka kumi kabla.